Jiwe la Manyama

Tumetoka kumzika Manyama juzi tu, na vumbi la Butiama bado liko kwenye viatu vyangu, sina hata hamu ya kuvifuta. Jana nimekaa jikoni nachambua dagaa, simu ikalia. Ni binti mmoja mpya wa ofisini kwetu, mtoto mwenye adabu na haraka nyingi, ananiandikia: "Shikamoo mama. Nafanya usafi kwenye mfumo. Ndani ya folda ya Butiama nimekuta faili linaitwa jiwe. Halina kazi yoyote. Nilifute?" Nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akachungulia kutoka sebuleni kuuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama, aendelee na taarifa yake ya habari. Kisha kicheko kikaisha nikabaki nimeshika simu kwa vidole vinavyonuka dagaa, maana sikujua nimjibu nini yule mtoto. Kumjibu mtu kuhusu jiwe lile ni mpaka umpe mwaka mzima, na mwaka ule hauenei kwenye ujumbe wa simu.

Habari za kwetu Mugango, nani alimzaa nani na nani alikuwa na mtumbwi wa namna gani, naziacha. Nina ndugu wanaozisimulia vizuri kuliko mimi na kwa uongo mwingi zaidi. Mimi naanzia siku niliyoingia Kitaji, mtaa wa Musoma mjini, na begi moja na godoro la kukunja, nimetoka chuo, nimepata kazi ya kutengeneza programu kwa mtu aliyekuwa anauza mabati na ndoo. Mtu huyo mji mzima ulimwita Hajji. Alikuwa mfupi, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na alikuwa bosi wangu na mwenye nyumba wangu kwa pamoja, hali ambayo simwombei hata adui. Nikichelewa kazini alijua, maana alinisikia nikikoroma. Chumba changu kilikuwa cha uani, dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama bomba la maji, na bomba lile ndilo lililonisomesha kuliko chuo.

Maji Kitaji siku hizo yalikuwa yanakuja yanapotaka, na bomba la Hajji ndilo lililokuwa halikati. Alfajiri, kabla hata adhana haijaisha, uani kunakuwa na foleni, lakini foleni isiyo na watu. Ni ndoo zimejipanga, na ambaye hana ndoo ya kuacha kaweka jiwe. Kila jiwe lina mwenyewe, na kila mtu anajua la nani ni lipi, hata mimi baada ya muda nilikuwa naweza kukwambia hili la Mama Bwire, hili la fundi baiskeli, hili jeusi la yule mama wa vitumbua. Wenyewe wamerudi kulala, au wanachemsha chai, au wako mwaloni Mwigobero wanapokea dagaa. Siku moja mpangaji mgeni akaja, akaona mawe, akayasukuma kwa mguu pembeni akakinga ndoo yake. Jamani! Mama Bwire alitokea sijui wapi, mkono kiunoni, sauti imeshatangulia. Mama huyu alikuwa anauza dagaa Mwigobero, mwanamke mpana, mcheshi, lakini ukigusa haki yake unaona sura nyingine. "Wewe baba, umenisogeza mimi?" Yule mgeni akasema hakumsogeza mtu, amesogeza jiwe. Ndipo Hajji alipotoka na kanzu yake ya kulalia, mswaki mdomoni, akatema povu, akatoa hukumu ambayo niliisikia mara nyingi sana mwaka ule: "Hapa kwangu jiwe ni mtu. Ukilisogeza umemsogeza mtu. Kaa nyuma." Yule baba akaenda nyuma. Kwenye uwanja ule hata mkuu wa kituo cha polisi angekwenda nyuma.

Ofisi ilikuwa juu ya duka, unapanda ngazi za mbao katikati ya ndoo za plastiki na misumari. Hajji alikuwa amepata wazo, na wazo likishampata Hajji halimwachi mpaka limchoshe yeye na wengine. Alitaka mfumo ambao mfanyabiashara wa dagaa anatuma ujumbe kwa simu yake ya tochi, anajibiwa bei ya leo Musoma, Bunda na Butiama, asidanganywe na madalali. Alituajiri vijana watatu. Mimi Musoma. Salma alikuwa Bunda, binti wa fundi cherehani, kompyuta yake iko juu ya meza ya kukatia vitambaa, ukiongea naye kwa simu unasikia cherehani kuliko unavyomsikia yeye. Wa tatu ni Manyama, mrefu, mpole, mvivu wa kuongea, mtu wa Butiama. Mwanzoni alikaa na mimi pale juu ya duka. Mchana tulikuwa tunanunua ugali wa muhogo na furu wa mchuzi kwa mama mmoja pale chini, tunakula sahani moja, na Manyama alikuwa ananiachia vichwa vya samaki kwa sababu aliamini watu wa ziwani tunavipenda. Ni kweli tunavipenda, ila sikumwambia kwamba alikuwa anavitafuna vibaya ndiyo maana nilifurahi akiniachia. Baadaye akarudi kwao Butiama, akasema ataifanya sehemu yake hukohuko. Hakusema kwa nini. Hajji akamruhusu huku ananung'unika.

Sasa nieleze kidogo jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi, na atakayesinzia namsamehe. Programu yote ilikaa kwenye ghala moja huko mtandaoni. Si ghala la matofali, ni mfumo unaotunza kila kitu ulichoandika, na kila ulichobadilisha, na nani alibadilisha, kwa hiyo huwezi kusingizia mwenzako. Ukimaliza kazi unaipeleka ghalani. Ukitaka kazi ya wenzako unafanya checkout, yaani unaomba ghala likutolee nakala kwenye mashine yako. Tulikubaliana folda tatu: Musoma, Bunda, Butiama. Kila mtu na yake. Wafanyabiashara wa Mwigobero walikuwa waje kuuona mfumo, na Hajji akatangaza mbele yangu na misumari yake: "Siku ya wageni, ambaye folda yake haionekani mle ndani, hana nafasi kwangu. Mpwa wangu yuko Mwanza na cheti chake anasubiri." Alikuwa anamsema Manyama. Mpwa mwenyewe nilishamwona, kijana wa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

Nikafanya checkout. Musoma ikatoka. Bunda ikatoka. Butiama, kimya. Nikaomba kwa jina, mashine ikanijibu kwamba kitu hicho hakilingani na faili lolote ilijualo. Nikampigia Manyama. "Umeitengeneza folda?" "Nimeitengeneza." "Umeipeleka ghalani?" "Nimeipeleka. Mashine imenijibu kila kitu ni safi." Basi nikajua tatizo liko kwangu. Nikafuta nakala yangu yote nikaanza kuvuta upya, na mtandao wa siku zile ulikuwa unavuta kama mzee anayepanda mlima, anapumzika kila baada ya hatua. Butiama haipo. Nikawasha modemu na kuizima. Nikakagua ile orodha ya vitu tulivyoliambia ghala livipuuze, nikidhani labda mtu kaitia Butiama humo kwa bahati mbaya. Haimo. Hajji akapanda ngazi kuona, akapendekeza nipulize vumbi. Nikapuliza, kwa heshima. Salma naye Bunda anajaribu, ananipigia: "Perusi, kwangu nayo haitoki! Nimemwambia baba azime cherehani labda inakula umeme." "Ikawaje?" "Baba kaniuliza kama kompyuta yangu inashona sare za shule."

Wageni walikuwa wanakuja keshokutwa. Nikamwambia Salma liwalo na liwe, twende tukaione hiyo folda kwa macho. Yeye akatoka Bunda, mimi Musoma, tukakutana Kiabakari njia panda, tukapanda bodaboda mpaka Butiama. Njia nzima tulikuwa tunamsema Manyama: kwamba amezidi upole, kwamba mtu mzima hawezi kukaa kimya kazi yake inapotea, kwamba tukifika tutampa za uso. Tukafika. Tukamkuta nyuma ya nyumba, mikono imejaa povu, anafua kanga za mama yake. Mama mwenyewe alikuwa amelala barazani kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa toka nyonga. Alikuwa ameteleza akiwa anatoka zizini, na nyumba nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza, kumpikia na kumpeleka msalani isipokuwa huyo mwanawe. Zile za uso tulizimeza. Mama yule alitutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Ninyi ndio mnaokaaga na kompyuta? Mbona mmekonda hivi? Manyama, wape maziwa. Hawa wataanguka hapa nipate kesi."

Tulikunywa maziwa ya mgando, tukala viazi, na hakuna aliyeruhusiwa kutaja kompyuta mpaka kibuyu kilipokwisha. Ndipo Manyama akaitoa mashine kabatini, kati ya sahani na sufuria, ilikuwa inakaa humo ili mbuzi wasiifikie. Akaiwasha. Folda ya Butiama hii hapa, imenyooka, ina jina. Salma akaifungua. Akaifunga. Akaifungua tena. "Manyama, ndani hakuna kitu!"

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Sasa ningeweka nini? Bei za huku ni mpaka niende mnadani, niongee na watu. Na mama nimwache na nani? Nikaona niweke folda kwanza. Nimeshika nafasi."

Salma alianza kucheka, akaweka mkono mdomoni kwa sababu ya mama. Mimi nilitaka kulia. Nilikuwa nimepuliza vumbi. Nilikuwa nimefuta nakala nikavuta upya siku nzima. Na ghala lilikuwa linafanya kazi yake vilevile lilivyoumbwa: ghala la namna ile linatunza mafaili, halitunzi folda. Ukilipatia folda tupu halikatai wala halilalamiki, linajifanya halijakuona. Lile jibu lake la kila kitu ni safi lilikuwa na maana kwamba haikuletwa kazi yoyote, ndugu yangu, nenda kalale. Salma akamweleza hivyo, taratibu, kama anampimia mteja nguo. Manyama akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri mpaka unaweza kuondoka ukarudi.

"Kwa hiyo ndoo tupu haihesabiwi," akasema.

"Haihesabiwi."

"Kwa Hajji inahesabiwa."

"Kwa Hajji hata jiwe linahesabiwa," nikamjibu kwa hasira, na nilipomaliza kusema tukatazamana wote watatu. Ghala linataka faili? Lipewe faili. Dogo, la maneno machache, liikalie folda ili isipotee. Salma akaandika jina la faili: jiwe. Ndani, Manyama mwenyewe akaandika kwa vidole viwili: Hili ni jiwe la Manyama. Ametoka kidogo, anarudi. Tukalipeleka ghalani kwa mtandao wa simu yangu, nimeinua mkono juu kama mtu anayeapa. Nikafanya checkout upya. Butiama ikatoka! Tulipiga kelele mpaka mama akauliza kama ng'ombe wametoka zizini. Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Hajji hakuwa na tabia ya kufungua kitu, yeye huangalia majina tu. Ataona Butiama iko, atanyamaza, na Manyama atapata muda mpaka mguu wa mama upone. Dada wa jirani akaombwa akae na mama ile siku ya wageni, na Manyama akaja Musoma na shati lililopigwa pasi, Salma naye akaja kutoka Bunda.

Chumba cha juu hakikutosha, kwa hiyo Hajji akaamua wageni waje nyumbani, uani, Kitaji. Runinga kubwa ikawekwa barazani juu ya meza ya chakula, waya umepita dirishani kwangu. Mkewe Hajji alipika pilau, na harufu ile peke yake ingeuza mfumo wowote. Wafanyabiashara wakaja, wakakaa kwenye mikeka na viti, na pembeni yao ndoo na mawe ya foleni ya jioni yalikuwa yameshapangwa mpaka karibu na miguu ya wageni, hakuna aliyethubutu kuyagusa. Mama Bwire alikaa mbele kabisa. Hajji akashika mausi mwenyewe, jambo ambalo hatukulitegemea. Akafungua Musoma: bei zikatoka, watu wakaguna kwa kuridhika. Akafungua Bunda: wakapiga makofi. "Na Butiama ile pale," akasema, akataka kupita. Moyo wangu ukaanza kutulia. Mama Bwire akasema, "Fungua basi na hiyo. Nina mteja huko, kila siku ananilalia bei."

Hajji akabonyeza. Faili moja. Akabonyeza faili. Na kwa kuwa runinga ilikuwa kubwa, maneno yakajaa kioo chote. Fundi baiskeli, ambaye hakuwa amealikwa lakini pilau ilikuwa imemwalika, akasoma kwa sauti kama yuko kanisani: "Hili ni jiwe la Manyama. Ametoka kidogo, anarudi."

Nilisikia bomba likidondosha matone. Manyama alikuwa amesimama nyuma kwenye mlango wa jiko, na nilijua akipoteza kazi ile hana pa kupata hela ya dawa ya mama. Hajji akageuka taratibu. "Perusi mwanangu, hii ni nini?" Hakungoja jibu. "Kwa hiyo hakuna kitu! Mmenifungulia kopo tupu mbele ya watu! Basi. Mpwa wangu anakuja Jumatatu."

"Ngoja, Hajji," akasema Mama Bwire.

"Mama Bwire, haya ni mambo ya ofisi."

"Ofisi iko uani kwako." Akajizungusha kwenye kiti na kiti kikalia. "Huyo kijana ametoka kwenda wapi?"

Salma akasema kwa niaba ya Manyama: mama, nyonga, kitanda cha kamba, kanga za kufua. Alisema haraka huku analia, na hakuwa amepanga kulia. Mama Bwire akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye foleni ya mawe. "Na yale pale ni nini, Hajji?"

Hajji akatazama.

"Nakuuliza. Lile la pale mwanzo ni nini?"

"Ni wewe," Hajji akasema kwa sauti ya chini.

"Mimi. Na siku ile ulimrudisha mtu nyuma kwa ajili yangu, povu mdomoni. Sasa jiwe la kwangu ni mtu, la huyu mwana wa watu ni kopo tupu? Huyo mpwa wako akija, aje na ndoo yake, akae nyuma."

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena maishani. Fundi baiskeli aliangukia mkeka. Mkewe Hajji alirudi jikoni mbio, mabega yanamcheza. Hajji akajikaza, akajikaza, ndevu zikaanza kutikisika, na mwishowe naye akashindwa. Alipopata pumzi akamwonyesha Manyama kidole. "Haya. Nafasi yako ipo. Kamhudumie mama yako. Lakini urudi!"

Alirudi. Mama alipoanza kutembea kwa fimbo, Manyama alizunguka minada yote ya kule, na folda ya Butiama ikawa nzito kuliko zetu, maana mtu asiyeongea husikiliza, na madalali walimwambia kila kitu. Salma akataka kulifuta lile jiwe kwa kuwa folda imeshajaa, halihitajiki tena. Manyama akakataa. "Liache," akasema. "Sijui siku nitakayotoka tena." Tukamzoea hivyo. Duka likawa kampuni, kampuni ikahamia jengo lenye lifti, Hajji akatangulia mbele ya haki, na kila mwaka mtu mpya anauliza kuhusu lile faili, na kila mwaka Manyama mwenyewe anamjibu.

Juzi kwenye msiba tulikaa na Salma kwenye turubai tukila wali na maharage, tukisimuliana habari ya runinga mpaka watu wa ukoo wakatutazama vibaya. Kisha wakatuita ndani kwa mama yake. Amezeeka sana, macho hayaoni vizuri, fimbo ni ileile. Akatupapasa mikono, mmoja mmoja, akapanda mpaka mabegani. "Ni wale wa kompyuta," akasema. "Sasa mmenenepa." Halafu akainamia mikono yetu akalia, na sisi tukalia naye, na maji niliyoletewa ninywe sikuyanywa.

Kwa hiyo jana, jikoni, nilinawa mikono, nikamjibu yule binti kwa maneno ya Hajji: "Usilifute. Jiwe ni mtu." Ni mgeni, hakumkuta ofisini Manyama, ambaye alikuwa ameshaanza kuugua, na jina lile halikumwambia kitu. Akasoma, nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Watoto wa siku hizi hawapendi kubishana na wakubwa. "Sawa mama, naliacha," akaniandikia. "Ila limeandikwa anarudi. Kwani anarudi lini?"

Nilikaa na swali lile mpaka dagaa wakaliwa na paka. Kisha nikamwandikia kwamba sijui mwanangu, foleni ya huko alikokwenda ni ndefu.